Kuazima Bila Kuomba

Kompyuta ya gari ikianza kufa, haina dalili unayoweza kuishika mkononi. Plagi iliyochoka utaitoa uione ilivyoungua. Betri utaisikia asubuhi inavyogugumia. Pampu ya mafuta unaweza kuinama karibu na tangi ukasikiliza kama inavuma. Lakini kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroboksi, ni kasha la bati lenye ukubwa wa kitabu, limefichwa ndani ya dashibodi, halina kinachozunguka wala kinachotoa sauti. Fundi anaweza kupima nyaya zote zinazoingia na kutoka, akaondoa shaka moja baada ya nyingine, na bado kwa magari ya miaka ya tisini njia inayomaliza ubishi ni moja: chomoa hilo boksi, weka jingine zima lenye namba ileile. Gari likiwaka, umepata jibu.

Sasa hilo jingine linatoka wapi? Dukani hawakupi la kujaribia. Maduka ya spea niliyowahi kuingia, Mbeya na Iringa, yana karatasi ukutani inayosema vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi, na sioni sababu ya kuwalaumu. Hitilafu iliyounguza boksi la kwanza inaweza kuunguza la pili kabla hujafunga mlango wa gari, na mwenye duka hana namna ya kujua nani alilipeleka wapi. Kwa hiyo gereji nyingi zina ufumbuzi wake wa kimyakimya. Uani kuna magari yanayosubiri: hili linasubiri giaboksi kutoka Dar, lile linasubiri mwenyewe apate hela. Fundi anaangalia lipi linafanana na la mteja wa leo, anafungua, anachomoa, anajaribu, anarudisha. Dakika kumi. Mwenye gari hayupo na hatajua kamwe.

Nataka kuuliza kama kuna ubaya wowote hapo. Siulizi kwa kejeli. Jibu la haraka linalonijia, kwamba ni wizi, nadhani si sahihi, na jibu la haraka la upande wa pili, kwamba hakuna aliyeumia, linanisumbua zaidi.

Ninafanya kazi Iringa, mama yangu anaishi Uyole, na kati yetu kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ambazo huwa nazimaliza kwa Carina ya mwaka 1994. Julai mwaka jana gari hilo lilianza tabia ya ajabu. Iringa liliwaka kila siku. Mbeya, asubuhi, liligoma. Ukigeuza ufunguo, taa ya injini ambayo lazima iwake kabla injini haijanguruma haikuwaka kabisa. Kufika saa sita mchana, jua likishapiga boneti, linawaka kwa mara ya kwanza kama vile hukuwahi kulisingizia. Wanaoijua Julai ya Mbeya watakumbuka asubuhi zake, vidole vinavyokataa kufunga vifungo vya shati, wauza chai ya tangawizi wakiwa wamejifunika vitenge mpaka puani. Mimi nilidhani ni betri. Fundi wangu, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla ya Carina yangu kuzaliwa, alitikisa kichwa.

Alianza na fyuzi, kisha rilei, kisha akasogeza testa kwenye soketi ya boksi. Umeme wa betri ulikuwa unafika. Akapima upande wa pili, kwenye waya ambao boksi hupelekea volti tano za kulisha sensa. Sifuri. Akachomoa sensa moja moja, asije akawa analisingizia boksi wakati sensa fulani ndiyo inavuta umeme wote chini. Bado sifuri. Saa saba mchana akapima tena na volti tano zikawa zimerudi. "Boksi hili linaogopa baridi," alisema, na baadaye nilielewa kwamba hakuwa anatania. Ndani ya makasha hayo kuna kapasita, vikopo vidogo vyenye majimaji ya kemikali, na majimaji hayo hukauka au huvuja kadiri miaka inavyokwenda. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila joto la kufanyia kazi likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Kapasita iliyozeeka hufanya kazi vibaya zaidi ikiwa ya baridi. Miaka thelathini ndani ya dashibodi, kisha Julai ya Uyole.

Alikuwa na uhakika, lakini si uhakika wa kunitoa shilingi laki mbili na nusu za boksi la mtumba kutoka Dar. Waya wa ethi uliooza ungeweza kutoa dalili zilezile. Ndipo akaonyesha kwa kidevu upande wa ukuta.

"Dada, ile pale ni Carina kama yako. Namba ya boksi ni hiyohiyo, nimeshaangalia. Nikope dakika kumi, tujue moja."

"Mwenyewe umemwambia?"

"Yuko Tunduma. Gari lina mwezi hapa."

"Si umpigie simu?"

"Nikimpigia atakataa."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetaja bei. Na mimi nilikuwa na haraka. Kesho yake, Ijumaa, mama alikuwa na kliniki Hospitali ya Rufaa ya Kanda, saa mbili asubuhi, na magoti yake hayawezi tena ngazi ya daladala. Kama boksi la yule bwana lingethibitisha tatizo jioni ile, fundi angejua wapi pa kugusa usiku huohuo. Kwa hiyo sikuwa mtazamaji. Dakika kumi zile zingekuwa zangu.

Nilipositasita alinipa hoja ambayo sikuitegemea. "Mwaka juzi gari lako lilikaa hapa wiki mbili likinyooshwa bodi. Unafikiri sensa yako ya hewa ilikaa tu? Ilikwenda kwenye Corolla ya mwalimu mmoja, ikarudi siku hiyohiyo. Ulijua? Ulipungukiwa nini?"

Sikupungukiwa na chochote. Na bado nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba alipokuwa safarini mgeni alilala kitandani kwake.

Mfano huo wa kitanda si wangu. Mwaka 2006 mwanafalsafa Arthur Ripstein wa Chuo Kikuu cha Toronto aliutumia kumjibu John Stuart Mill. Mill, katika kitabu chake On Liberty cha mwaka 1859, alidai kwamba sababu pekee ya kumzuia mtu kufanya atakalo ni kuwakinga wengine na madhara. Ripstein akasema: haya, chukulia mtu ameingia nyumbani kwako mchana hupo, kaja na shuka na foronya yake, kasinzia kitandani kwako, kaondoka bila kuacha hata unywele. Madhara yako wapi? Hayapo. Je, kakukosea? Karibu kila mtu atasema ndiyo. Ripstein anaeleza kwamba kosa si kile ulichopoteza, kwa sababu hukupoteza kitu. Kosa ni kwamba chako kimetumika kwa lengo ambalo wewe hukulipanga, na kwa muda ule mtu mwingine amejifanya ndiye mwenye kuamua.

Ni hoja nzuri, lakini inanukia nyumba zenye geti. Nikiileta uani kwa fundi wangu inapwaya. Kule kwetu Uyole watoto wa jirani wanakatisha uani kwetu kwenda shule, kuku wa jirani wanalala kwenye banda letu, na jembe la mama limelima mashamba ambayo mama mwenyewe hajawahi kuyaona. Hakuna anayekuja kuomba kila mara. Anayeomba kila mara anaonekana ana kinyongo. Kama kila matumizi ya kitu cha mtu bila ruhusa ya mdomo ni kosa, basi sisi sote ni wakosaji tangu alfajiri, na sidhani kama ndivyo.

Fundi naye alikuwa na upande wenye uzito. Mteja wake wa kawaida si mtu wa laki mbili na nusu. Ni mwenye teksi, muuza viazi, mwalimu wa Corolla. Bila huku kuzungusha vifaa, kila mmoja wao angenunua kwa kubahatisha: leo boksi, kesho sensa, keshokutwa pampu, na vyote havirudishwi. Mwenye hela hununua uhakika. Asiye nayo huazimiwa uhakika na gari la mwenzake lililopaki, na siku nyingine gari lake litamwazima mwingine. Unaweza kuuita huu ujamaa wa gereji, na sina uhakika kwamba ungekuwa mzaha. Nyerere, alipoandika makala yake ya Ujamaa mwaka 1962, alisisitiza kwamba ujamaa ni tabia ya moyo, na akaikumbusha ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini angalia methali yenyewe inavyokwenda. Mgeni anaonekana. Amekaribishwa, amehesabiwa siku, na jembe anapewa mkononi mbele ya watu. Hakuna mahali mgeni anapolichukua jembe usiku kwa sababu mwenyeji akiombwa atakataa.

Hapo ndipo nilipoona kitu, au nilidhani nimekiona. Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotumika na pande zote mbili. Naazima kitabu kwako, nawe unaniazima kitabu. Kwenye fedha tunatenganisha, huyu anakopa na yule anakopesha, lakini kuazima kunabaki kulekule kwa anayetoa na anayepokea, kana kwamba ni tendo moja linalofanywa na watu wawili. Mtu mmoja peke yake hawezi kuazima. Sasa, jirani anayechukua jembe la mama bila kuomba hajamwondoa mama kwenye tendo hilo, maana anajua mama angesema chukua. Mama yumo, hata kama yuko sokoni. Fundi wangu hakumpigia yule bwana kwa sababu ya kinyume kabisa: alijua angesema hapana. Wote wawili hawakuomba, lakini mmoja hakuomba kwa kuwa jibu ni ndiyo, na mwingine hakuomba ili asilisikie jibu. Wa pili hajaazima. Kamzunguka mtu.

Na hiyo hapana ya bwana wa Tunduma haikuwa ya uchoyo mtupu. Kama ndani ya gari langu palikuwa na kitu kilichoua boksi langu, tuseme koili au valvu ya silensa iliyopiga shoti, basi ndani ya zile dakika kumi kingeweza kuua na la kwake. Fundi alisema ni mara moja katika mia. Inawezekana. Lakini hiyo moja ingekuwa yake, na hizo tisini na tisa zangu. Na ikitokea, angeambiwa nini? Kwamba gari lake, lililokuja na tatizo la giaboksi, sasa haliwaki pia? Siri isiyo na madhara inabaki haina madhara mpaka siku bahati inapogeuka, na siku hiyo siri haiwezi tena kuwa ya kweli. Inabidi ivishwe uongo. Nadhani hili ni baya kuliko kitanda cha Ripstein.

Nikamwomba fundi apige simu. Akapiga, akaweka spika, pengine ili nijisikilizie mwenyewe. Yule bwana alisalimia vizuri, akauliza habari za giaboksi, akasikiliza ombi. Kisha akauliza swali moja: "Likiungua?"

Nikadakia nikajitambulisha, nikasema likiungua nitalipa. Palikuwa na kimya cha sekunde kadhaa, honi za malori zikisikika nyuma yake. "Hapana, dada yangu," alisema. "Usinielewe vibaya. Hapana." Hakutoa sababu na hakuonekana kuwa anaitafuta.

Nilikasirika, lazima niseme. Nilikuwa nimefanya jambo la kistaarabu na nikalipwa kwa kunyimwa, wakati mwalimu wa Corolla alipewa sensa yangu bila hata kuomba. Fundi hakusema "nilikwambia". Aliinua mabega tu, akaenda kunawa mikono kwa petroli. Asubuhi nilimpeleka mama kwa bajaji, upepo ukiingia pande zote mbili, yeye amejifunga kitenge cha pili juu ya sweta na mkono ameukaza kwenye goti. Nikamsimulia ili nipate mtu wa kulalamika naye. Akanisikiliza mpaka tulipokaribia hospitali. "Mtu akikunyima chake hajakukosea, mwanangu," alisema. "Amekunyima tu." Akamshukuru dereva kwa Kinyakyusa, ndaga, akashuka taratibu kama anayeshuka kwenye mtumbwi.

Kuna uhuru fulani ndani ya maneno yale ambao nilikuwa sijauona. Tunapomwomba mtu ruhusa huku tukiamini kwamba akikataa ni mbaya, hatujaomba. Tumemtaarifu kwa adabu. Ombi ni ombi pale tu hapana inaporuhusiwa kusimama, bila maelezo, bila kununiwa, hata ikigharimu goti la mama yako asubuhi ya baridi. Hiyo ndiyo bei yake, na naelewa kwa nini fundi mwenye wateja kumi kwa siku hataki kuilipa.

Habari ya boksi lenyewe ni fupi. Tulilichomoa, tukalipeleka kwa kijana anayetengeneza redio na televisheni, akalifungua juu ya meza iliyojaa rimoti. Kapasita tatu zilikuwa zimevuja, na majimaji yamekula njia za shaba kama kutu inavyokula bati. Alitaka kapasita za kuhimili nyuzi 105, zisiwe zile za redio za nyuzi 85, na hizo zikaagizwa Dar zije kwa basi. Kila moja shilingi mia tano. Alilehemu, akaunganisha njia zilizoliwa kwa nyuzi nyembamba za waya, na wiki iliyofuata gari liliwaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo hatukuhitaji boksi la mtu yeyote, lakini siuhesabu huu kama ushahidi wa lolote. Lingeweza vilevile kuwa na ubovu usiotengenezeka.

Fundi ananiambia mchezo huu wote una mwisho wake. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana ufunguo wenye chipu, na kompyuta hukataa kuwasha injini kama haiutambui ufunguo. Ukihamisha boksi kutoka gari moja kwenda jingine, linakaa kimya mpaka mtu mwenye mashine na programu alifundishe upya. Waliotengeneza kufuli hilo walikuwa wanawafikiria wezi, na sawa, wezi wapo. Ila kufuli halijui tofauti ya mwizi na jirani. Limeondoa swali langu lote kwa kulifanya lisiwezekane, na pamoja nalo limeondoa uwezekano wa yule bwana kusema ndiyo.

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku tatu kazini, kwa hiyo Jumapili nilipanda basi kurudi Iringa nikaliacha gari uani, boksi likiwa bado mezani kwa kijana wa redio. Nilipokwenda kuaga, fundi aliniuliza, bila utani wowote, "Na la kwako nalo? Nikihitaji kitu humo kumsaidia mtu?"

"Nipigie," nikamwambia. "Nitakubali. Ila nipigie."

Akanitazama. "Kama utakubali, nikupigie ya nini?"

Kwa hoja yangu mwenyewe ya jembe, hakuwa na haja ya kunipigia. Alishajua jibu ni ndiyo, nimempa mimi mwenyewe pale uani. Na bado nilitaka simu, na nilikuwa nataka simu hata kwa ile sensa ya mwaka juzi ambayo ningeitoa kwa furaha. Sikuwa na la kumjibu.

"Wewe nipigie tu," nikasema. Akacheka, akaokota chaki, akaandika namba yangu ukutani juu ya meza ya vifaa, chini ya namba nyingine nyingi, baadhi zimeshafutika nusu.